Dizeli Yako Inazungusha Stata Kivivu Asubuhi? Omera, Usilaumu Baridi

Saa kumi na moja alfajiri, steji ya Migori. Makanga ashajaza wasee wa Kisii, dere anageuza ufunguo, halafu unaskia nduu... nduu... nduu. Stata inazunguka kama imelazimishwa. Nyuma kuna mat ingine inapiga honi ikitaka hao hao abiria. Ukienda Homa Bay story ni ile ile, ni vile tu huko mzigo unaweza kuwa samaki, na barafu haingoji mtu.

Kila mtu husema ni baridi. Zii. Hii pande yetu ya ziwa, hata mvua ikinyesha usiku mzima, maji haigandi. Shida ni kwamba gari imelala. Mchana inawaka chap kwa sababu altaneta imetoka tu kuijaza betri. Usiku betri iko peke yake, na kama imezeeka, ama kuna kitu inainyonya, asubuhi unaipata imechoka.

Na dizeli haihurumii betri imechoka. Haina plagi za kutoa cheche kama petroli. Inabana hewa karibu mara 20 mpaka ipate joto la kuchoma mafuta. Kuzungusha injini kama hiyo kunataka nguvu mob, na ikizunguka polepole, joto linapotelea kwa vyuma kabla mafuta ishike.

Hapa ndipo wasee huchomwa doo. Mech akiskia tu "haiwaki asubuhi", anakwambia ununue hita nne. Skiza vizuri: hita zikifa, stata huzunguka poa kabisa, moshi mweupe unatoka nyuma, lakini injini haishiki. Kama stata yenyewe ni mvivu, hita mpya hazitaiharakisha. Mfuko tu ndio utaskia.

Anza na kitu ya bure. Jioni zima kila kitu, toa ule waya wa negativu kwa betri na spana ya 10. Asubuhi rudisha, piga stata. Ikizunguka safi, kuna kitu hunywa moto ukiwa umelala. Mimi ningeanza kushuku ile amplifaya ya woofer uliyofungiwa haraka haraka, mtu wa waya akaishikanisha na betri moja kwa moja ndio umalize mambo uende rave. Kuwa mkweli, ulikuwa unajua.

Ikibaki mvivu, tafuta kimita cha volti. Betri imejaa inasoma kama 12.6 kabla hujagusa ufunguo. Chini ya 12.2 iko njaa. Mwambie mtu apige stata ukiangalia: ikianguka chini ya 9.6, betri inaenda, ama haikujaa. Injini ikiwaka inafaa isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikikaa 12 na kitu, altaneta haijazi, na hata ukinunua betri mpya leo, wiki hii utarudi kusukuma.

Kama namba ziko sawa, cheki tamino. Ule unga mweupe ama wa kijani huziba moto. Mwagia maji moto na baking soda, piga brashi ya waya, kaza, paka grisi. Usisahau waya unaotoka betri kwenda kwa bodi na injini. Huo husahaulika mpaka unaoza. Ukipiga stata sekunde chache kisha waya mmoja uko moto kuliko wengine, hapo ndipo nguvu inapotea.

Stata yenyewe ni ya mwisho. Mara nyingi ni kaboni zimeisha, na hizo hubadilishwa peke yake, kwa hivyo usikubali kuuziwa stata nzima kabla haijafunguliwa. Na kama ulijaza oili nzito ndio ufiche moshi, hiyo pia inakaza injini asubuhi.

Ukikwama kabisa, jampa ni sawa, lakini na gari ya volti 12 kama yako. Zile lori kubwa za miwa huko Awendo nyingi ni 24. Dere atakusaidia na roho safi na achome kila kitu kwa dashibodi. Na ile spray ya ether, usiipulize kwa injini yenye hita ikiwa moto. Inaweza kulipuka ukiwa umeinama hapo juu.