Siku Tatu Katika Matope ya Rwenzori

Tuliondoka Nyakalengija, wilayani Kasese, askari tisa na kiongozi mmoja Mkonzo, tukidhani kwamba miguu iliyozoea gwaride haina la kujifunza mlimani. Mzee huyo alivitazama viatu vyetu, akatugawia mabuti ya mpira. "Maafande," alisema, "huku mwendo ni wangu."

Hifadhi hii ya Taifa ilitangazwa mwaka 1991. Kati ya 1997 na 2001 ilifungwa kwa ajili ya vita vya waasi wa ADF, na wenzetu waliopanda vilima hivi wakati ule hawakuwa na nafasi ya kutazama maua.

Sisi tuliipata. Msituni tuliona mbega na kinyonga mwenye pembe tatu. Siku ya tatu tukafika kinamasi cha Bigo, ambako mtu hurukaruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine, na akikosea huzama hadi magotini. Hapo husimama mimea ya ajabu: lobelia zilizompita mtu kimo, na miti ya senesio ambayo majani yake yakifa hayaanguki, bali hulizingira shina na kulikinga na baridi ya usiku. Koti la zamu hasa!

Jioni, kwenye kibanda cha Bujuku, karibu mita 4,000 juu ya bahari, koplo wetu mmoja alishindwa kufunga kamba za begi lake. Tangu asubuhi kichwa kilimuuma naye akanyamaza, asije akaitwa mnyonge. Sasa alitapika na kuyumba kama mlevi. Sisi tulipendekeza tungoje kupambazuke. Mzee akakataa: ugonjwa wa mwinuko dawa yake ni kushuka, tena mara moja. Vyeo vyetu vikanyamaza. Tukashuka usiku ule kwa tochi, tukimshika koplo huku na huku, pimbi wakilia majabalini.

Kilele cha Margherita, mita 5,109, hatukukifikia. Barafu yake tuliiona kwa mbali tu, nayo ni masalio: mwaka 1906 barafu ya Rwenzori ilienea zaidi ya kilomita 6 za mraba, kufikia 2003 haikutimia hata 1.

Kulipokucha, katika kibanda cha John Matte, koplo alikunywa chai vikombe viwili, kisha akatuuliza kwa sauti ya chini kama habari zake zitafika kikosini.