Je, Wajua? Siri za Mchoro wa Kifungashio

Tazama mkia wa tyubu ya dawa ya meno. Pale ulipobanwa pana kistari cha rangi. Kwa miaka mingi watu wametumiana ujumbe kwamba kijani ni dawa ya asili na nyeusi ni kemikali tupu. Si kweli, na inasikitisha mtu kuacha dawa nzuri dukani kwa uvumi huo. Kistari hicho huwekwa na mwandaaji wa mchoro kwa ajili ya mashine. Sensa ikikiona, hujua tyubu igeuzwe kiasi gani kabla ya kuzibwa, ili jina likae mbele. Rangi yake huchaguliwa ili ionekane wazi juu ya rangi ya tyubu, basi.

Je, wajua kuwa mchoro mwingine hupindwa makusudi? Katika uchapaji wa flekso, unaotumika sana kwa plastiki na maboksi, pleti ni laini kama mpira. Ikitengenezwa ikiwa bapa kisha ikavishwa kwenye silinda, uso wake hunyumbuka, na duara hutoka kama yai. Kwa hiyo mwandaaji huufupisha mchoro upande wa mzunguko pekee, kwa asilimia inayotegemea unene wa pleti na ukubwa wa silinda. Kwenye pleti nembo imebonyea. Kwenye pakiti imenyooka. Ndio ufundi ninaouheshimu kuliko wote katika kazi hii, maana ukifanywa vizuri hakuna anayeuona.

Pakiti nyingi za krispi nazo huchapwa kinyume, kama taswira ya kiooni, upande wa ndani wa plastiki angavu. Wino mweupe hufuata nyuma ya rangi, kisha tabaka jingine hugandishwa juu yake. Kwangua kwa ukucha utakavyo, rangi haitoki.

Kingo pia zina kanuni yake: rangi ya usuli hupitishwa milimita 3 hivi nje ya mstari wa kukatia, kisu kikiyumba pasibaki ukingo mweupe.

Msimbopau, ile mistari inayosomwa na skana dukani, ulitumika kuuzia bidhaa kwa mara ya kwanza tarehe 26 Juni 1974 mjini Troy, Ohio, nchini Marekani, kwenye pakiti ya chingamu ya Wrigley's. Ubunifu wa rangi hapa una mipaka. Skana nyingi za kaunta humulika mwanga mwekundu, hivyo mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kwazo kabisa. Mistari ya buluu iliyokoza husomeka vizuri.

Na tarakimu za mwanzo za namba iliyo chini ya mistari hiyo? 616 ni Kenya, 620 ni Tanzania, lakini hutaja tawi la shirika la GS1 lililotoa namba, si mahali bidhaa ilikotengenezwa. Kampuni iliyosajiliwa Dar es Salaam inaweza kufungasha mchele wa Pakistani, na pakiti ikaanza na 620 kihalali.