Hatimkato Bado Inalipa!

Mchumba wako kakwambia anataka kusomea uhazili, nawe ukaguna: "Kazi ya kupiga chapa tu hiyo!" Subiri kwanza. Mtafute mama au shangazi yeyote aliyefanya kazi za ofisi Mbulu mjini au Katesh enzi za taipureta, umsikilize, halafu ndiyo ucheke.

Haikuwa lelemama
Taipureta ya mkono haikujua mgawo wa umeme. Taa zikizimika, kazi inaendelea. Kengele inalia mstari ukikaribia mwisho, unarudisha mashine, unaanza mwingine. Barua ya nakala tatu ilichapwa mara moja, karatasi za kaboni zikiwa katikati. Ukikosea herufi moja, unaifuta kwenye kila nakala!

Mitihani na mihtasari ya vikao ilikwenda kwenye stensili. Utepe wa wino unawekwa kando, herufi zinakata nta, kisha stensili inavikwa kwenye mashine ya kurudufu na mpini unazungushwa. Jioni mikono ni wino mtupu. Na mtihani ule sekretari aliuona kabla ya mwanafunzi yeyote, akanyamaza. Usahihi na siri, hapo ndipo ulipokuwa mshahara wake.

Mashine zimekwenda, ujuzi upo
Taipureta ziko stoo, lakini hatimkato bado inadaiwa. Ni ile mistari midogo inayoandika sauti badala ya herufi. Mfumo wake maarufu aliutoa Mwingereza Isaac Pitman mwaka 1837. Kwa miaka mingi, katibu mahsusi daraja la tatu katika halmashauri zetu alitakiwa awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 kwa dakika. Siku hizi cheo ni mwandishi mwendesha ofisi, na daraja la pili linadai maneno 100, pamoja na kompyuta. Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora likiwemo, kinafundisha uhazili.

Kwa hiyo ufanyeje?
• Jioni msomee gazeti kwa sauti, yeye aandike, wewe shika saa. Dakika tano zinatosha, na ni mazungumzo matamu.
• Usimchimbe siri za ofisini. Anayemwaga za bosi leo, kesho atamwaga zako.
• Akichelewa kikaoni, punguza wivu. Muhtasari haujiandiki wenyewe.
• Kaka, nawe unaweza kuusomea. Kazi hii haina jinsia.