Koo 18 katika picha: Kwa nini baadhi ya nafasi ziko wazi

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2008 mpigapicha wa Marekani, Taryn Simon, alianza kuzunguka dunia akitafuta koo za watu. Kazi hiyo ilimchukua miaka minne, na mwaka 2011 ilioneshwa katika jumba la sanaa la Tate Modern, London, ikiwa na sura 18, kila sura na ukoo wake.

Jina la kazi hiyo, kwa tafsiri isiyo rasmi, ni ‘Mtu Aliye Hai Atangazwa Kuwa Amekufa, na Sura Nyingine’. Limetokana na kisa cha Uttar Pradesh, India, ambacho hakitawashangaza wanaofuatilia kesi za mirathi katika mahakama zetu.

Mwanamume mmoja aligundua kuwa kumbukumbu za ardhi zinamtaja yeye na baadhi ya ndugu zake kuwa ni marehemu. Kwa kuwa ardhi hurithiwa kwa kufuata damu, njia nyepesi ya kumpokonya mrithi ni kumuua katika makaratasi.

Utaratibu wa Simon ni mmoja katika kila sura. Huanza na mtu mmoja, kisha hupiga picha wazazi wake kama wangali hai, watoto, wajukuu na kuendelea, kila mmoja mbele ya ukuta mtupu wa rangi hafifu. Picha hizo hupangwa kwa safu, kwa mfuatano wa uzazi, na kando yake huwekwa maelezo na picha za vielelezo.

Kenya imo. Ni ukoo wa mganga mwenye wake tisa, watoto 32 na wajukuu 63. Mbele ya safu kama hizo jicho hutafuta lenyewe mfanano wa paji la uso na pua. Kila mtoto huchukua nusu ya vinasaba kwa baba na nusu kwa mama. Kwa wastani, ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki nusu ya vinasaba vyao, na wa baba mmoja na mama tofauti robo.

Tanzania nayo imo, kwa sura inayohusu watu wenye ualbino, ambao miaka hiyo walikuwa wakiuawa kwa ajili ya viungo vyao. Hapa urithi unahitaji kuelezwa vizuri, maana wapo akina mama walioachwa na waume zao kwa sababu ya kujifungua mtoto wa namna hiyo.

Katika aina za ualbino zinazoonekana zaidi Afrika, mtoto hupata hali hiyo anaporithi kinasaba husika kutoka kwa wazazi wote wawili. Wazazi hao wanaweza kuwa weusi kama majirani zao, na kila mimba huwa na uwezekano wa moja kwa nne. Baba anayemlaumu mkewe anasahau kuwa nusu ya jambo hilo ni yake.

Lakini yanayomgusa zaidi mtazamaji ni mapengo. Aliyekosekana huachiwa nafasi yake wazi katika safu. Wapo waliokuwa jeshini, gerezani au wagonjwa, na wanawake ambao hawakuruhusiwa kupigwa picha. Katika ukoo wa Hans Frank, gavana wa Hitler katika Poland aliyenyongwa mwaka 1946, baadhi ya jamaa walikataa tu.

Sura ya Bosnia ni tofauti. Inahusu familia iliyopoteza watu katika mauaji ya Srebrenica ya Julai 1995, ambamo wanaume na wavulana wapatao 8,000 waliuawa na kufukiwa katika makaburi ya halaiki. Mabaki yao hutambuliwa kwa kulinganisha vinasaba vya mifupa na damu ya ndugu waliosalia.

Simon hakuwaachia hao nafasi tupu. Mahali ambapo pangekuwa na uso, pana picha ya jino au kipande cha mfupa, katika safu ileile ya ndugu walio hai.