Je, Wajua? Nguruwe Wenye Kola, Vimelea vya Barafuni na Vitabu Visivyosomeka

Je, wajua kwamba Busia, magharibi mwa Kenya kwenye mpaka na Uganda, ndiko dunia ilikojifunza kwamba kumpa mtoto kitabu si sawa na kumfundisha? Mwaka 1996, shirika la Kiholanzi la ICS liligawa vitabu vya kiada kwa shule 25 za msingi katika wilaya za Busia na Teso. Shule hizo zilichaguliwa bila upendeleo katika orodha ya shule 100, na zilizobaki zikawa za kulinganishia. Kila mtu alitarajia alama zipande, lakini wastani haukusogea. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari mbele ya wenzao. Watafiti walipochunguza, walikuta kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza. Kwa mtoto anayezungumza Kisamia au Kiteso nyumbani, kisha akakutana na Kiswahili sokoni, Kiingereza ni lugha ya tatu, na wengi hawakuweza kuvisoma.

Mkutubi Ranganathan wa India alikuwa ameweka kanuni za ukutubi mwaka 1931, na mojawapo inadai kila msomaji apate kitabu kinachomfaa yeye. Busia iliithibitisha kwa takwimu. Natamani kila anayeagiza vitabu vya shule, Nairobi au Kampala, angeusoma utafiti huo kabla ya kutia saini.

Na chati za ukutani je? Katika eneo hilohilo, shule 178 zilihusishwa, na 89 kati yake zikapewa chati za kufundishia. Shule zilizokuwa na chati tangu zamani zilikuwa na alama nzuri zaidi, kwa hiyo ilidhaniwa chati ndizo siri. Zilipogawiwa kwa bahati nasibu, hazikuleta tofauti yoyote. Shule zenye chati zilikuwa na mambo mengine mazuri ambayo hakuna aliyekuwa ameyapima.

Wajua ni nani aliyekuwa nyuma ya majaribio haya? Michael Kremer, Mmarekani aliyefundisha sekondari ya Eshisiru, Kakamega, katika miaka ya 1985 na 1986. Mwaka 2019 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa sababu ya njia hii ya kupima misaada kwa majaribio. Waliofanya kazi ya mguu kwa mguu, wakihesabu watoto darasani na kuandika majibu ya wazazi, walikuwa vijana wa huku huku magharibi mwa Kenya. Majina yao hayamo kwenye medali, na mimi naona wanastahili kutajwa kila tuzo hiyo inapotajwa.

Utafiti uliovuma kuliko yote ulihusu minyoo. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za Busia, zenye zaidi ya wanafunzi 30,000, ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25. Kundi la kwanza lilipata dawa za safura, minyoo mingine ya tumbo na kichocho mwaka huo, la pili mwaka 1999, la tatu mwaka 2001. Gharama kwa mtoto mmoja kwa mwaka haikufika dola moja. Utoro ulipungua kwa robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa sababu mayai ya minyoo kwenye udongo yalipungua. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda, na Kremer na mwenzake Edward Miguel waliliandika hilo wazi.

Waliendelea kuwatafuta wanafunzi hao hadi ukubwani, popote walipohamia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021, yakiwafuata hadi miaka 20 baada ya vidonge, yalionyesha kwamba waliopata dawa kwa miaka miwili au mitatu zaidi ya wenzao walikuwa na matumizi ya nyumbani makubwa kwa asilimia 14, na malipo yao kwa saa yalizidi kwa asilimia 13.

Je, wajua kwamba mwaka 2015 wanasayansi wa London waliihesabu upya kazi hiyo yote? Miguel na Kremer walikuwa wametoa faili za takwimu zao, na wenzao wakapata makosa, hasa kwenye dai kwamba manufaa yalifika shule za mbali. Dai hilo lilipunguzwa. Punguzo la utoro lilibaki hata baada ya hesabu kurekebishwa, ingawa wataalamu waligombana juu ya uzito wa ushahidi. Ugomvi huo uliwezekana kwa sababu takwimu zilitunzwa vizuri kwa zaidi ya miaka 10 na kufunguliwa kwa yeyote. Hiyo ni kazi ya ukutubi, na bila hiyo kosa lingebaki limelala kwenye kompyuta ya mtu.

Tuje kwenye uhandisi. Chemchemi zipatazo 200 za Busia na jirani yake zilifuatiliwa ili kujua kama kuzijengea kunasaidia. Kujengea chemchemi ni kuziba jicho la maji kwa mawe na saruji ili maji yatokee kwenye bomba, yasiguswe na matope wala miguu ya ng'ombe. Vijidudu vya kinyesi kwenye chemchemi vilipungua kwa thuluthi mbili, na kuhara kwa watoto kwa robo. Lakini maji yaliyofika nyumbani hayakuwa safi kiasi hicho, maana yalichafuka tena njiani na kwenye mitungi.

Ndipo likabuniwa tangi la klorini ambalo baadaye lilisambaa vijijini pande zote za mpaka. Ni tangi dogo la bluu kwenye nguzo, kando ya mahali pa kutekea. Mama anatega mtungi mtupu wa lita 20 chini ya tangi, anageuza kishikio mara moja, na mililita 3 za klorini zinashuka. Kisha anajaza maji juu yake. Mtikisiko wa kutembea unachanganya dawa, na muda wa njiani unaipa nafasi ya kuua vijidudu. Hakuna cha kupima, na majirani wakiwa kwenye foleni wanaona nani ametia na nani hajatia. Klorini ya chupa iliyouzwa madukani ilitumiwa na watu wachache sana, chini ya mmoja kati ya kumi. Tangi lilipowekwa kwenye chemchemi, watumiaji walifika kama sita kati ya kumi.

Mbolea nayo? Wakulima wa Busia hupata fedha wakati wa mavuno, lakini mbolea inahitajika miezi kadhaa baadaye, fedha zikiwa zimeshakwisha. Watafiti waliwauzia mbolea mara tu baada ya mavuno, kwa bei ile ile, na kuwafikishia bure. Matumizi yalipanda kwa asilimia 47 hadi 70, karibu sawa na kupunguza bei kwa nusu.

Na wajua kwamba mwamba wa Tororo, upande wa Uganda, ni baki la volkano ya ajabu? Mawe ya chokaa ya kawaida hutokana na mashapo ya baharini. Ya Tororo na ya vilima vya Sukulu yalipanda kutoka chini ya ardhi yakiwa yameyeyuka. Wanajiolojia walibishana kwa miaka mingi kama jambo hilo linawezekana, hadi mlima Oldoinyo Lengai wa Tanzania ulipoonekana mwaka 1960 ukitoa lava ya aina hiyo. Kutokana na chokaa hiyo, Tororo ilipata kiwanda cha saruji mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati bwawa la Owen Falls likijengwa Jinja. Sukulu ina fosfeti pia, kirutubisho ambacho udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya umepungukiwa nacho. Wahandisi wanaofundishwa Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 upande wa Uganda, wana malighafi hiyo mlangoni pao.

Sasa ubongo. Je, wajua kwamba nguruwe 10 wa Busia walivalishwa kola zenye vifaa vya GPS? Watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, walio na maabara mjini Busia, walitaka kujua nguruwe wanaoachiliwa hufika wapi. Kola iliandika mahali alipo mnyama kila baada ya dakika 3. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba kwa saa 12 nguruwe mmoja hutembea wastani wa mita 4,340, na karibu nusu ya muda wake huutumia nje ya boma la mwenyewe. Maana yake, choo kilichojengwa vizuri na familia moja hakimlindi nguruwe wao ikiwa jirani hana choo.

Hilo linahusu ubongo kwa sababu ya tegu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya tegu, isiyoiva, anapata mnyoo mrefu tumboni. Mnyoo huo unatoa mayai yanayotoka na kinyesi. Nguruwe akiyala, anaota vifuko mwilini. Mtu akiyameza, kwa mikono isiyonawiwa au mboga zisizooshwa, vifuko vinaweza kuota ndani ya ubongo wake na kumletea kifafa. Kwa hiyo hata mtu asiyewahi kuonja nyama ya nguruwe maishani anaweza kuugua, ikiwa anayempikia ana tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, asilimia 30 ya kifafa hutokana naye.

Wafanyabiashara wa nguruwe wana kipimo chao cha siku nyingi. Mnyama analazwa, kijiti kinawekwa kati ya meno, ulimi unavutwa kwa kitambaa, kisha vidole vinapapasa upande wa chini kutafuta vinundu kama punje za mchele. Vikiwepo, bei inaanguka. Kipimo hicho ni cha kweli, ila mnyama mwenye vifuko vichache humpita mpimaji bila kujulikana. Ningependa kila familia yenye mgonjwa wa kifafa Busia ijue habari hii, maana wengi bado wanaambiwa ni kurogwa, na mtoto anaachwa bila dawa ambayo ingemtuliza.

Upande wa Uganda kuna hatari nyingine ya ubongo. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Tiira, karibu na Busitema, hukamata dhahabu kwa zebaki kisha huichoma. Mvuke wa zebaki huingia mapafuni na kufika ubongoni. Mikono huanza kutetemeka. Anayechoma jikoni huwavutisha watoto pia.

Je, wajua kwamba Tororo iliwahi kuwa na maktaba ya vimelea hai? Taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa malale na nagana (malale ya mifugo), EATRO, ilikuwa na maabara yake pale. Wanasayansi wake walijifunza kugandisha vimelea kwenye mirija myembamba, kwa baridi ya barafu kavu, ili viamke vikiwa hai miaka mingi baadaye. Kila kimoja kilipewa namba, kama kitabu kwenye rafu. Namba EATRO 1125, iliyotolewa kwa pongo nchini Uganda mwaka 1966, bado inatumika katika maabara za Ulaya na Marekani. Ni uzao wake uliotumika Lisbon mwaka 2016, ilipogundulika kwamba vimelea vya malale hujificha kwa wingi ndani ya mafuta ya mwili.

Miaka miwili baadaye, utafiti mwingine ulionyesha kwa nini mgonjwa wa malale hulala mchana na kukesha usiku: vimelea huvuruga saa ya ndani ya mwili, ile inayoziambia seli ni asubuhi au jioni. Wilayani Tororo, watafiti walijaribu kupulizia ng'ombe dawa miguuni, tumboni na masikioni tu, kwa kuwa mbung'o, wanaoeneza vimelea hivyo, hupenda miguu. Dawa kidogo ikafanya kazi ya nyingi. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeutokomeza ugonjwa wa malale kama tishio kwa afya ya umma.

Mwisho, saratani, na hapa lazima tupitie kwa mbu. Nagongera, wilayani Tororo, watafiti waliwahi kukadiria kwamba mtu mmoja huumwa na mbu wenye malaria mara 310 kwa mwaka. Katika nchi za malaria ya namna hiyo ndiko daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago alikoona, kuanzia mwaka 1957, watoto wenye taya zilizovimba, kwanza Kampala, kisha Jinja. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri maili 10,000 kwa gari kuukuu, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimeuona uvimbe huo. Ulipatikana penye joto na mvua, yaani penye malaria.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege. Desemba 1963 ukungu uliilazimisha ndege moja kutua Manchester, na sampuli ikafika imechelewa, maji yake yamechafuka. Mtafiti Tony Epstein alidhani ni bakteria. Alipotazama kwa hadubini akaona seli za saratani zikielea hai, na kutokana na seli hizo virusi vya Epstein-Barr vikatangazwa mwaka 1964, virusi vya kwanza kujulikana kuhusiana na saratani ya binadamu.

Malaria inaingiaje? Ikijirudiarudia, huzichochea seli za kinga zigawanyike bila kupumzika, na kimeng'enya kinachokata jeni ili kutengeneza kingamwili hufanya kazi kupita kiasi. Siku moja hukata mahali pabaya, jeni ya MYC huruka kutoka kromosomu ya 8 kwenda ya 14, na seli yenye virusi huanza kuongezeka bila breki. Uvimbe huo unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili. Kasi hiyohiyo huufanya usikie dawa upesi, na taya linaweza kunywea ndani ya siku chache za matibabu. Dalili ya kutazama ni meno ya mtoto kulegea kabla ya wakati na shavu kuvimba bila maumivu ya jino. Apelekwe hospitali wiki hiyohiyo.