Kichaka cha majani ya zambarau hustahimili kiangazi, lakini maziwa yake ni hatari kwa macho

Katika mitaa mipya ya Mavoko na Matungulu, ambako nyumba nyingi hununua maji ya lori, bustani ya maua imekuwa anasa. Nyasi zilizonawiri Desemba huwa zimekauka kufikia mwisho wa Februari. Si ajabu basi kwamba wakazi wanaotafuta mmea wa kupamba uga hurudi kutoka kwenye vitalu vya miche wakiwa na kichaka chenye majani ya zambarau iliyokolea. Kinapenda jua kali na kinatosheka na maji kidogo. Hubaki na majani yake takriban mwaka mzima, jambo ambalo ni maua machache yanayoliweza katika sehemu kavu za Kaunti ya Machakos.

Jina lake la kitaalamu ni Euphorbia cotinifolia. Asili yake ni Mexico, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika Kusini. Hapa kwetu kina ndugu anayejulikana vizuri zaidi, yaani mnyaa, ambao Wakamba huuita ndau na ambao kwa miaka mingi umetumika kuzungushia maboma. Lile ua jekundu la Krismasi ni ndugu mwingine wa karibu, na hata muhogo na mbarika ni wa ukoo huo mpana. Kichaka hiki na ndau vinafanana zaidi katika jambo moja: ukivunja tawi, hutoka utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ni sumu.

Tofauti ni kwamba ndau inaogopwa. Mtoto aliyekulia karibu na uzio wa ndau huonywa mapema kwamba maziwa yake huharibu macho. Kichaka cha zambarau nacho huja kikiwa kimepandwa kwenye mkebe safi, kinapendeza, na mara nyingi hakina onyo lolote. Mnunuzi hukiweka kando ya mlango, karibu na pale watoto wanapochezea kalongolongo.

Kukitambua si vigumu. Majani yake ni ya mviringo, yana vikonyo virefu vyembamba, na huota matatu matatu kwenye kila kifundo cha tawi. Maua yake ni madogo, meupe yenye manjano kidogo. Aliye nacho tayari bila kujua ni mmea gani na ahesabu majani kwenye kifundo. Hakuna haja ya kukivunja ili kuona maziwa.

Rangi yake haitokani na mbolea wala dawa. Majani yana ukijani kama ya mmea mwingine wowote, ila yana pia rangi ya zambarau inayoufunika. Jua likipungua, rangi hiyo hufifia. Kichaka kilichopandwa chini ya mwembe hugeuka kuwa cha kijani chenye wekundu hafifu, na matawi yake hurefuka yakitafuta mwanga. Anayetaka zambarau kamili akipe jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi kwa siku. Ukuta wa mawe unaotoa joto alasiri, ambao huunguza maua mengine, haukisumbui.

Kinachokiua zaidi si ukame bali maji yanayotuama, na hapo ndipo wakazi wa Mavoko wanapaswa kuwa waangalifu. Udongo mweusi wa nyanda za Athi River hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Ukilowa hushikilia maji kwa siku nyingi, hewa haipiti, na mizizi huoza. Mwenye kichaka huona majani yakinyauka, hudhani kina kiu, kisha hukiongezea maji na hivyo kukimaliza. Kuchimba shimo refu na kulijaza mchanga hakusaidii pia, kwa sababu shimo hilo hugeuka kuwa beseni katikati ya udongo usiopitisha maji. Njia bora ni kuinua kitanda. Tengeneza tuta la kimo cha sentimita 30 hivi kwa mchanganyiko wa udongo mwekundu, kokoto ndogo au maram, na mboji kidogo, kisha panda juu yake. Mchanga ukihitajika ununuliwe kwa muuzaji anayeruhusiwa, kwa maana uvunaji wa mchanga wa mito una masharti yake katika kaunti hii.

Kwenye miteremko yenye udongo mwekundu, kama sehemu za Kathiani na Mwala, maji hupita yenyewe na kazi ni nyepesi. Shimo la upana na kina cha sentimita 45 linatosha. Samadi iwe kidogo, na iwe imeoza vizuri. Kikilishwa kupita kiasi hutoa matawi laini marefu ambayo hukatwa na upepo, na kila tawi linalokatika humwaga maziwa.

Miche hupatikana kwa vipandikizi. Kata kipande cha tawi chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, ukiwa umevaa glavu na miwani, kisha chovya sehemu iliyokatwa kwenye maji ili maziwa yaache kutiririka. Kiweke kivulini siku mbili au tatu hadi kidonda kikauke. Kikipandwa kibichi mara nyingi huoza. Kipande kilichokauka hupandwa kwenye mchanga uliochanganywa na udongo na kunyunyiziwa maji pale tu udongo wa juu unapokauka. Baada ya wiki kadhaa kitatoa majani mapya, dalili kwamba mizizi imeshika. Maji yaliyochovewa matawi yamwagwe mbali, wala chombo hicho kisitumike tena jikoni.

Wakati mzuri wa kuhamishia miche bustanini ni mwanzoni mwa mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo Ukambani huaminika kuliko zile za Machi hadi Mei. Katika miezi miwili ya kwanza, mmea upewe lita 5 hivi kwa wiki ikiwa hakuna mvua. Maji yaliyooshea mboga yanafaa. Matandazo ya nyasi kavu yasiguse shina. Kikishapita kiangazi chake cha kwanza, hakihitaji kunyweshwa ila ukame ukiwa mkali. Kiu ikizidi kitapukutisha majani, na baridi ya Julai kwenye sehemu za juu huweza kufanya hivyohivyo, lakini hali ikitengemaa huchipua tena. Anayekiona kikiwa uchi asikimbilie kukikata. Akwaruze kidogo gome la tawi, akiwa amevaa glavu: likiwa la kijani ndani, mmea uko hai.

Kikiachwa bila kukatwa hufikia kimo cha mita 3 hadi 5, basi kipewe nafasi tangu mwanzo. Kisipandwe karibu na mlango, njia ya kupitia, kamba ya kuanikia nguo au uwanja wa watoto. Kisiwe pia karibu na zizi la mbuzi, kibanda cha sungura wala kidimbwi cha samaki. Pale kilipotoka, utomvu wake umetumika kulewesha samaki ili wavuliwe. Mahali panapokifaa ni kona ya nyuma ya uga au kandokando ya ukuta, mbele yake pakiwa na safu ya shubiri au bogenvilia inayomzuia mtoto kukifikia. Katika shule za chekechea na vituo vya kulelea watoto, ni afadhali kisipandwe kabisa, hata kiwe kinapendeza namna gani.

Utomvu ukiingia jichoni, usifikiche. Osha jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, ukiwa umefungua kope, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama maumivu yatapoa. Mara nyingi jicho huwasha kidogo mwanzoni, kisha maumivu, wekundu na ukungu wa macho huongezeka saa kadhaa baadaye, mara nyingi usiku, wakati usafiri ni mgumu kupata. Wanaotibiwa mapema kwa kawaida hupona, lakini utomvu wa jamii hii huweza kujeruhi kioo cha jicho na kuacha kovu. Mweleze mhudumu wa afya ni mmea gani, au mwonyeshe picha yake kwenye simu. Usitie jichoni maziwa ya mama, chumvi wala dawa iliyobaki kutoka kwa ugonjwa mwingine.

Ukigusa ngozi, osha kwa sabuni na maji, kwa kuwa maji pekee hayautoi vizuri. Nguo iliyodondokewa ivuliwe na kufuliwa peke yake. Mtu aliyetafuna jani asukutue kinywa na apelekwe kituo cha afya, asilazimishwe kutapika.

Kazi ya kupogoa ifanywe na mtu mzima, siku isiyo na upepo, akiwa amevaa glavu, shati la mikono mirefu na miwani. Kibarua anayeitwa kufyeka uga kwa panga aelezwe mapema ni kichaka kipi, kwa sababu panga hurusha matone usoni. Matawi yaliyokatwa yasitiwe jikoni kama kuni wala kuchomwa kwenye lundo la takataka, maana moshi wake huwasha macho na koo. Yaachwe yakauke mahali pasipofikiwa na watoto na mifugo, kisha yafukiwe. Wenye maswali kuhusu udongo wao au mimea mingine inayofaa uga mkavu wanaweza kumuuliza afisa wa kilimo wa wadi yao.