Kutengua na Kurudisha: Mipaka ya Mkuu Mbele ya Uamuzi wa Kamati

Je, kiongozi aliyeikabidhi kamati mamlaka ya kuamua anabaki na haki ya kuutengua uamuzi wake? Swali hili hutukabili walimu wa lugha kila tunapounda jopo la kutunga mtihani. Sisi wa hapa Kinindo tunaona kuwa jibu limo katika vitenzi viwili. Kutengua ni kuuvunja uamuzi. Kurudisha ni kuwapelekea tena walioamua, pamoja na sababu, ili waufikirie upya.

Katiba za majirani zetu zinaifafanua tofauti hiyo. Kwa mujibu wa ibara ya 97 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, Rais akikataa muswada, huurudisha bungeni pamoja na maelezo ya sababu. Wabunge wakitaka kumpelekea tena kabla ya miezi 6 kupita, sharti uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Hapo Rais huukubali katika siku 21, ama hulivunja Bunge. Na Bunge likivunjwa, kiti chake nacho huwa wazi. Ukaidi basi una gharama.

Nchini Kenya, ibara ya 115 ya Katiba ya mwaka 2010 humpa Rais siku 14. Akiurudisha muswada, wabunge waweza kuupitisha vilevile kwa theluthi mbili. Asipoutia saini katika siku 7, huhesabiwa kuwa ameukubali.

Hata hivyo, kurudisha si uonevu daima. Tarehe 26 Juni 2024, siku moja baada ya maandamano makubwa ya vijana, Rais William Ruto alikataa kuutia saini Muswada wa Fedha uliokwisha kupitishwa na wabunge. Kumbe hata wengi ndani ya ukumbi huweza kuwasahau walio nje.

Tunachota humo masharti matatu: mkuu atoe sababu kwa maandishi, afungwe na muda, na kamati ikishikilia kwa wingi mkubwa, neno lake liwe la mwisho. Jopo ambalo maswali yake hubadilishwa kimyakimya, mwaka unaofuata hulipua kazi, kwani linajua mkuu ataandika yake. Anayeumia ni mwanafunzi. Wahenga walisema: wengi wape. Nasi twaongeza: masharti hayo yaandikwe kabla jopo halijaanza kazi, si baada ya ugomvi.